Mwani wa Mkono wa Shomari

Kila asubuhi Shomari alikaa kibarazani kwake Mtoni, bakuli la maji mbele yake, akinyoa mwani kiganjani kwa wembe. Ulikuwa wa kijani, laini, wenye vijani vyembamba huku na huku kama unyoya wa kuku. Ulianza kuota wiki aliyomzika mkewe, Mauwa. Majirani walipita, wakamuuliza hali, wakaenda zao sokoni.

Alisema Mauwa alikwama kwenye tope la mikoko akiokota chaza, maji yakajaa. Haya. Mtu aliyekulia kwenye tope hilohilo! Watu waliitikia innalillahi, wakala ubwabwa wa hitima, wakarudi makwao.

Halafu wazee wakakata shauri Shomari apewe Tunu, mdogo wa marehemu, ili undugu usikatike. Tunu alisema hamtaki, anamwogopa. Akaambiwa posa imeshapokelewa.

Basi akaokota mwani uliomwagwa uani kwa shemejiye, akaufunga kwenye jani la mgomba, akampelekea Leodegar, karani wa Bwana Samaki, afisa wa uvuvi wa serikali ya Mwingereza. Leodegar alimuuliza umeota wapi. Mkononi mwa shemeji, Tunu akajibu. Karani akaitikia kwa kichwa, akauweka uelee kwenye sahani ya maji, akampelekea bwana wake, aliyeutazama kwa kioo cha kukuzia akautambua.

"Huu hauoti kwenye tope, dada," Leodegar alisema aliporudi. "Unataka mchanga safi na maji maangavu. Kwa huku kwetu uko Mjimwema tu."

Na Mjimwema ndiko ngalawa ya Shomari ilikoonekana ikitoka siku ile aliyokufa Mauwa, wakati mkewe anasemwa yuko mikokoni.

Tunu aliyasema yote mbele ya baba yake na wazee. Mmoja akauliza kama mwani huo unawasha. Hauwashi. Mwingine akasema yaliyopita si ndwele. Baba yake alikuwa akikuna goti, hakumtazama.

Ijumaa ya ndoa Shomari alinyoa mara mbili, lakini shehe alipomaliza hotuba mwani ulikuwa umeshavuka kifundo cha mkono. Baba yake Tunu akaupokea mkono wa bwana harusi, kama inavyotakiwa. Maji ya chumvi yakamchuruzika hadi ndani ya kanzu. Akautazama ule mwani. Alijua umetoka wapi. Akakaza vidole visiteleze.

"Nimekuozesha binti yangu Tunu," akasema.