Kitufe cha Upande wa Kulia

Haya, nakutegea, na usikimbilie kujibu. Nina nyumba ya mlango mmoja. Mgeni anayetakiwa akiingia, mlango unajifunga wenyewe. Akija asiyetakiwa, mlango unagoma. Lakini pembeni kuna kidude cha kuusukuma kwa dole gumba hata ufunge. Nini hicho?

Umeshindwa? Sikudai mji. Miji ya kwetu hapa Oklahoma ni midogo, utanipa kanisa na kituo cha mafuta. Jibu ni bunduki ya mume wangu, Verlin. Ni ile inayojilisha: ukipiga risasi moja, inatema ganda na kujiwekea nyingine. Komeo lisipofunga sawasawa, upande wa kulia kuna kitufe cha kulisukuma. Wanaume wa huku watabishana juu ya kitufe hicho mpaka chakula kipoe. Huyu atasema kinaokoa maisha, yule atasema ni pambo. Mimi shule niliishia ya msingi, lakini kitufe hicho nakijua kuliko wao.

Miaka tisa iliyopita nguruwe mwitu walikuwa wanatumalizia karanga shambani. Verlin na mdogo wake, Doyle, wakatoka alfajiri kuwawinda. Mimi nikabaki kwenye pikapu na chupa ya kahawa. Verlin alikuwa na bunduki mbili zinazofanana kama mapacha, zinatumia magazini zilezile za kuwekea risasi, ila moja inakula risasi nyembamba na nyingine inakula nene. Doyle ndiye aliyezijaza magazini jana yake, mezani kwangu, huku akinivunja mbavu kwa vichekesho. Risasi moja nene ikapita katikati ya nyembamba, wala hakuna aliyeiona.

Verlin alipiga ya kwanza, akapiga ya pili. Ya tatu, ile nene, ikagoma. Nikamwona kupitia kioo cha pikapu akiitazama bunduki, kisha dole gumba lake likakipiga kile kitufe. Mara moja. Mara mbili. Halafu akafyatua, ukaja mlio ambao haukuwa wa bunduki kabisa. Bunduki ilipasukia mikononi mwake. Kiganja chake kilichanika, na Doyle, aliyekuwa amesimama kulia kwake, akaanguka ameushika uso.

"Verlin," akauliza palepale kwenye majani, damu ikimpita katikati ya vidole, "ilifunga yenyewe?"

Verlin alikuwa anavua shati amfunge nalo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Doyle akajijibu mwenyewe: "Basi ni mimi niliyechanganya risasi. Nisamehe, kaka."

Jicho lake la kushoto halikupona.

Tangu siku ile Doyle hakugusa tena risasi. Mashine yake ya kujazia maganda matupu baruti yawe risasi tena, aliyoipenda kama mtoto, aliigawa. Na kila Sikukuu ya Shukrani, kabla hatujamkata bata mzinga, alikuwa anakitazama kile kiganja chenye kovu na kusema, "Nisamehe kwa mkono huo, kaka." Mwenye jicho moja anamwomba radhi mwenye kovu! Verlin alikuwa anasema, "Yamepita hayo," kisha anampitishia mchuzi. Na mimi niliyeona? Mimi nilikuwa nakata pai. Nilijiambia hayo ni ya ndugu wawili, mke asitie mguu. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa kuogopa, mingine yote nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

Jumapili iliyopita mjukuu wetu Kasey, msichana wa miaka ishirini na miwili, alikuja na vipande vya bunduki anayoiunga mwenyewe. Akavitandaza mezani, kando ya bakuli la kunde na bamia za kukaanga.

"Bibi, usinune, nimetandika taulo."

"Taulo la wageni hilo, wewe!"

Akacheka, akamgeukia Doyle. "Babu Doyle, nichagulie. Kipande hiki kina kitufe, hiki hakina."

"Chukua chenye kitufe. Hata kwa jicho moja naona ndicho chenye sura."

"Mtandaoni wanasema ni pambo tu."

"Mtandaoni kila mtu anajua hata kukamua fahali. Siku nguruwe anakujia kama lori lisilo na breki, na komeo limegoma, utamsomea mtandao? Piga kitufe, maisha yaendelee."

"Yaani ikigoma nisukume tu?"

"Sukuma. Kitufe hakijamuumiza mtu, mjukuu wangu. Aliyeumiza watu ni mimi na risasi zangu."

Kasey akakishika kile kipande chenye kitufe, akaweka dole gumba, akajaribu. Tik. Tik. Verlin alikuwa ameinua kijiko cha kunde. Kunde zikaanza kudondoka moja moja kwenye kitambaa cha meza.

"Usimfundishe hivyo," akasema.

"Ala! Si wewe uliyekisifu kitufe hicho tangu utoke jeshini?"

"Ikigoma, itoe. Kasey, umenisikia? Usiisukume hata siku moja. Itoe, uitazame ni risasi gani."

Doyle alikuwa anatabasamu bado, tabasamu la mtu anayengoja mzaha uishe. Kisha likafifia. Verlin huketi kushoto kwake, upande usio na jicho, kwa hiyo ilimbidi ageuze kichwa chote ndipo amwone kaka yake.

"Verlin," akauliza taratibu, "siku ile, ilifunga yenyewe?"

Mguu wangu ulikuwa umeshainuka niende jikoni kufuata mkate wa mahindi, kama kawaida yangu. Nikaurudisha chini.

"Mjibu," nikamwambia mume wangu. "Mimi nilikuwa kwenye pikapu."

Verlin aliweka kijiko. Alinitazama mimi kwanza, kisha yule mtoto, kisha lile jicho moja la mdogo wake.

"Haikufunga, Doyle," akasema. "Iliikataa risasi ile. Mimi nikaisukuma, mara mbili."