Korido ya Wakwe

Bochaberi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hoteli, viatu mkononi, kwa sababu sakafu ilikuwa imepakwa nta mpaka inaonyesha uso wa mtu, na hakutaka kuikanyaga na matope ya laini, zile nyumba za safu za wachuma majani chai. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mwaka wa sabini na moja, na mvua ya Kericho ilikuwa imeanza saa yake ile ile. Chumba kilikuwa na mahali pa kuotea moto, mapazia mazito, na beseni lenye mifereji miwili, mmoja wa maji moto. Alikuwa ameufungua ule wa moto, akaufunga, basi. Hakuwa na kazi nyingine ya kuupa.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mawe, katikati ya mji. Wazungu wa majani chai waliijenga zamani, wakati Mwafrika alikuwa anaingilia mlango wa jikoni. Sasa Uhuru umekuja, na mtu yeyote mwenye tai angeweza kulala hapo. Mogaka alikuwa na tai. Alikuwa msaidizi wa meneja katika shamba moja la majani chai, na kesho yake angemwoa Kemuma, mtoto wa pekee wa Bochaberi. Mogaka ndiye aliyesema jamaa wote walale hotelini, ili asubuhi waende kanisani wakiwa wasafi. Kana kwamba kwao hakuna maji.

Kosa lilianzia hapo. Mkisii yeyote anajua kwamba mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hiyo ndiyo ensoni, heshima yenye aibu ndani yake. Hata mikono hawapeani, na wakikutana njiani mmoja hupita kichakani. Bochaberi alijua. Lakini aliogopa kuitwa mshamba, akasema ndiyo. Mzazi anayeogopa kuitwa mshamba atakubali mambo mengi.

Saa kumi alitoka kwenda kunywa chai. Wakati huo huo Mogaka akafungua mlango wake, wa tatu kutoka pale. Korido ikarefuka. Ilirefuka polepole kama mtu anayevuta blanketi. Zulia likaenda nayo, picha za farasi ukutani zikaachana, mpaka Mogaka akawa mdogo kama kijiti cha kiberiti. Akapunga mkono. Bochaberi akageuza uso, kama inavyotakiwa.

Chini alimkuta Kipngetich, karani wa mapokezi, akipanga funguo.

"Korido yenu ina shida," akamwambia.

"Haina shida, mama. Hiyo ni ya wakwe." Kipngetich hakuacha kazi yake. "Wazungu walikuwa wanalala hapa na mama wakwe zao, wanakula meza moja, nyumba inanyamaza tu. Tangu watu wetu waanze kulala, imejifunza adabu. Ukichoka katikati, ita. Tutakuletea kiti."

"Na chai?"

"Na chai."

Bochaberi aliona kwamba nyumba hiyo ilikuwa na akili kuliko huyo aliyemwalika.

Asubuhi ya Jumamosi alitoka tena, na mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti karibu na mlango wa Mogaka akipaka sakafu nta. Mlango ukafunguka. Mogaka akatoka na mpagazi aliyembebea suti. Korido ikarefuka, na yule mwanamke akaletwa nayo, na debe lake na kitambaa chake, mpaka miguuni pa Bochaberi.

"Unaona?" alisema bila kuinua kichwa. "Huyu mtu akitoka tu, naongezewa sakafu. Nilikuwa nimebakisha kipande kama kiganja. Sasa tazama."

Bochaberi akatazama. Mpagazi alikuwa amebaki kule mbali na Mogaka. Msichana mmoja aliyebeba mashuka pia alikuwa kule. Ni huyu peke yake aliyeletwa huku.

"Dada, kwani wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni Syprose. Nasafisha hapa."

"Sijauliza kazi."

Syprose akaketi juu ya visigino vyake. "Ni mama ya Celine. Celine amezaa naye mtoto. Lakini usiniite mkwe wa mtu, huyo hajaleta kwangu hata kuku. Ni hii nyumba tu inayoniheshimu."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Nyambeki."

"Hilo si jina la watu wa ziwa, Wajaluo kama wewe."

"Ni la marehemu mama yake Mogaka. Mogaka alikuja mwenyewe akampa mtoto, akala samaki wangu, akaenda."

"Na bado anakuja?"

"Jumatano alikuwa kwangu. Mimi nina chumba kimoja cha mabati, kirefuke kiende wapi? Ikabidi nitoke nje. Nikanyeshewa." Syprose alichovya kitambaa ndani ya nta. "Nyinyi Wakisii, mnaoana haraka mnauliza polepole."

Tusi lilikuwa la kweli, kwa hivyo Bochaberi alilimeza. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: Kemuma asifunge ndoa na mtu mwenye nyumba nyingine.

Alimkuta Kemuma mbele ya kioo, akinyoosha nywele na kitana cha moto. Akamweleza yote.

"Najua, Mama."

"Unajua nini?"

"Celine. Hayo ni ya zamani. Mogaka ameniambia ameacha."

"Korido haijaacha. Imemrefukia mama yake sasa hivi nikiona."

"Kwani naolewa na korido?" Kemuma aliweka kitana chini. "Unataka nirudi laini? Chumba kimoja, moshi, choo cha watu wote? Yeye ana nyumba ya kampuni. Iko na bafu."

"Bafu!"

"Eeh, bafu. Jana si nilikusikia kupitia ukutani ukifungua ule mfereji wa moto?"

Bochaberi akatoka, akaubamiza mlango.

Akamwendea Orina, ndugu ya marehemu mume wake. Huyu ndiye aliyekuwa esigani, mtu wa kwenda kuchunguza ukoo wa mwoaji kabla ya posa. Orina alikuwa anakula mayai ya hoteli, na alikuwa anayapenda.

"Shemeji, wewe ulichunguza nini huko kwa Mogaka?"

"Nilichunguza mpaka babu wa babu yake. Hakuna mchawi. Hakuna kifafa. Hakuna mwizi wa ng'ombe. Ulitaka nichunguze nini tena?"

"Kericho."

"Kericho si ukoo," alisema Orina, akaomba chumvi.

Basi akaamua kumwendea mwenyewe, ensoni au si ensoni. Alishika korido akatembea. Mogaka alikuwa kule mwisho, mlango wazi, akifunga tai. Kadiri Bochaberi alivyotembea ndivyo korido ilivyotoa milango mingine ambayo haikuwa na namba, na farasi wengine ukutani. Alimwita. Sauti ikaenda ikachoka njiani. Kipngetich alikuja na kiti na kikombe cha chai, akasubiri anywe, akarudi na kikombe. Mogaka alipomaliza tai alimpungia mkono tena, akashuka ngazi. Korido ikajikunja. Bochaberi akajikuta mbele ya mlango wake mwenyewe, jasho likimtoka, ameketi.

Kanisa lilikuwa la mabati, na halikuwa limejifunza kitu. Mchungaji alipouliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, Bochaberi alisimama kutoka kiti cha nyuma kabisa, akainua mkono, akasema kwa nguvu, "Ipo!"

Wanawake wa laini, waliotembea tangu alfajiri ili wamfurahie binti yao, walimwona mama mzazi amesimama na mkono juu. Wakapiga vigelegele. Mmoja akaanza wimbo, wengine wakaupokea, na wakamzunguka Bochaberi wakicheza. Alisema "Ipo" mara nyingine, na kila akisema walizidisha. Wimbo ulipoisha, pete ilikuwa kidoleni.

Chakula cha mchana kilikuwa hotelini. Ukumbi wa kulia ulirefuka mara dufu, maana wakwe walikuwa wawili, Bochaberi akiwa ameketi na Syprose akisukuma kitoroli cha vikombe. Meza ya maharusi ilienda mbali mpaka keki ikawa kama punje ya mchele. Wageni hawakujali. Walikula.

"Umeshindwa," alisema Syprose, akimmiminia chai.

"Nimeshindwa."

"Weka sukari nyingi. Ni ya bure."

Mtoto wa Celine alitoka jikoni, mahali alipokuwa akilindwa na wapishi mama yake akiwa zamuni kiwandani. Alikuwa ameanza tu kutembea vizuri. Alimwona baba yake, akaenda. Kwake ukumbi haukuwa na urefu wowote. Alipiga hatua chache za kuyumba, akafika, akashika suruali ya harusi. Mogaka alimtazama kidogo. Akatoa leso, akamfuta pua vizuri sana, kama mtu aliyezoea, kisha akamwita Kipngetich.

"Mtoto wa jikoni amepotea. Mrudishe."

Watu walicheka kwa upole. Kemuma akamkatia mtoto kipande cha keki, kikubwa kuliko cha wengine, bila kumwangalia usoni.

Kipngetich alimbeba akamleta, akamweka juu ya magoti ya Bochaberi kwa sababu Syprose alikuwa na vikombe mikononi. Bochaberi akamshikia keki ale. Kule mbali Orina alikuwa amesimama kuwabariki maharusi. Aliomba Mungu awape binti wa kwanza haraka, na binti huyo aitwe Nyambeki, ili jina la marehemu lisipotee katika ukoo.

Mtoto akasikia jina lake, akaitika.

Kule mbali wote wakasema, "Amina."