Mahakama Iliyorudi Mispa

Twyla Unruh, karani wa Kaunti ya Tolliver, alitoka kwenda kula mchana kama kawaida yake. Alikula andazi moja la nyama na kabichi kwenye mgahawa wa Hildy, akanywa kahawa, akafungiwa andazi la pili kwenye karatasi ampelekee mumewe. Aliporudi, jengo la mahakama, lenye ofisi zote za kaunti, halikuwepo mahali pake. Palikuwa na nyasi zilizolala, bomba la maji lililokatika likichuruzika, na lile benchi la wavuta sigara. Jengo lenyewe lilikuwa limesimama mbele kidogo, baada ya duka la matairi, limeelekea kaskazini.

Twyla alihamishia mkoba wake bega la pili, akatembea hadi huko, akapanda ngazi na kufungua dirisha lake. Mtu wa kwanza kwenye foleni alitaka kibali cha mbwa.

"Limesogea," yule mtu akasema.

"Nimeona," akajibu Twyla. "Mbwa dume au jike?"

Kufikia mwisho wa wiki, mji wote wa Brandt ulishajua tabia ya jengo lile. Lilitembea saa ya chakula cha mchana tu, watumishi wakiwa nje, maana ni jengo la serikali na halifanyi mambo yake binafsi saa za kazi. Jumamosi na Jumapili lilipumzika. Mwendo wake ulikuwa wa mtu mzima anayekwenda matangani, haukuwa wa haraka wala wa kuzembea. Lilishika upande wa kulia wa barabara. Wakulima waliopishana nalo wakiwa kwenye pikapu zao waliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyomsalimu yeyote hapa kwetu, nalo likateremsha pazia la dirisha la mhazini na kulipandisha tena.

Kaunti yetu ni mraba kama kitambaa cha meza, na barabara zake zimeikata mistari mistari. Ndani ya kila kipande ni ngano, na pasipo ngano ni ng'ombe. Kusini iko Brandt, yenye reli na maghala marefu ya nafaka yanayoonekana kabla hujaiona nyumba hata moja. Kaskazini kuna Kijito cha Plamu, na ng'ambo ya kijito ni Mispa. Kila watu wanapohesabiwa tunakutwa tumepungua. Vijana wakimaliza shule tunawapa zawadi ya sanduku la safari, zuri, lenye magurudumu, halafu tunakaa tukishangaa kwamba wamesafiri.

Huko Mispa ulibaki moshi wa nyumba moja tu, ya Bi Odessa Pettiford.

Zamani haikuwa hivyo. Mispa ilianzishwa na watu waliotoka Kentucky baada ya utumwa kwisha. Majira ya baridi ya kwanza waliishi kwenye mashimo waliyoyachimba ubavuni mwa kilima, wakawasha moto kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kwa kuwa hapakuwa na mti hata mmoja. Baadaye wakaleta mbao kwa magari ya farasi, wakajenga kanisa, shule, na jengo la mahakama lenye kibaraza na nguzo nne nyeupe, na Mispa ikawa makao makuu ya kaunti. Kisha reli ikapita Brandt. Jumapili moja, watu wa Mispa wakiwa kijitoni wakibatiza, wanaume wa Brandt walikuja na farasi na magogo ya kuviringisha, wakaling'oa jengo na kulivuta hadi kwao, pamoja na kidau cha wino kilichokuwa mezani. Waliobatizwa walipanda kutoka majini nguo zikiwatiririka, wakakuta mawe ya msingi tu. Walipotaka kushtaki waliambiwa mashtaka hupelekwa mahakamani, na mahakama iko Brandt.

Watu wa Brandt walilivika jengo mawe ya chokaa kuta zote, liwe zito, wasije wakatendewa walivyotenda. Juu ya mlango wakapigilia kibao cha shaba: *Lilijengwa hapa Brandt.* Shuleni watoto wetu hufundishwa kwamba mahakama "ilihama", kana kwamba ilipeperushwa na upepo.

Kwa hiyo lilipoanza kutembea, wazee wa Brandt hawakusema mengi. "Jengo lililowahi kuhama mara moja huwa limejua njia," walisema, wakaendelea kunywa kahawa.

Bi Odessa alikuwa na shida moja, na kaunti nzima iliijua. Mjukuu wake Keziah, aliyekuwa muuguzi huko Wichita, alitaka kurudi Mispa na watoto wake wawili, alime shamba la babu yake. Lakini basi la shule lilikuwa haliwezi kuvuka daraja la Kijito cha Plamu. Mbao zake zilikuwa zimeoza, na kaunti ilikuwa imesimamisha ubao uliokataza chochote kizito kuliko pikapu. Keziah alikuwa amempigia bibi yake simu wakati wa Pasaka.

"Bibi, mwenye nyumba anataka nisaini mkataba wa miaka mitano. Nimemwambia anipe hadi shule zifunguliwe. Basi likifika mlangoni kwako, tunakuja. Lisipofika, nasaini, na tusiliongee tena hili, maana linaniumiza."

"Nimesikia, mama," alisema Bi Odessa.

Akaenda kwenye kikao cha madiwani na chupa ya jamu ya plamu za mwituni, kama alivyofanya kila mwezi. Mwenyekiti wao, Delbert Schlegel, aliipenda jamu ile. Alikuwa na kijiko chake kabisa kwenye droo.

"Bi Odessa, ng'ambo ya daraja lile wanaishi watu wangapi?"

"Mimi."

"Basi ndiyo shida yenyewe. Hatuwezi kujenga daraja la mtu mmoja."

"Likijengwa tutakuwa wanne."

"Waje kwanza, ndipo tujenge."

"Waje kwa kuruka, Delbert?"

Madiwani walicheka, na Delbert naye akacheka, si kwa ubaya. Akalamba kijiko. "Ya mwaka huu imeiva vizuri kuliko ya mwaka jana," akasema, wakaenda kwenye ajenda iliyofuata, ya magugu.

Wiki mbili baada ya kikao kile ndipo jengo lilipoondoka. Mwezi wa Juni ngano ilipoiva, lilikuwa limefika karibu na njia panda ya kanisa la Kilutheri, na hapo Delbert akaanza kupata wasiwasi. Alichukua pikapu yake akaenda kulizuia. Alikusudia kusimama katikati ya njia panda, azime gari na afunge milango. Ila pale pana alama ya kusimama pande zote nne, na anayetangulia kufika ndiye hutangulia kupita. Delbert alifika kutoka mashariki akasimama kwenye mstari, na jengo lilikuwa limeshafika kutoka kusini, limesimama kwenye mstari wake. Kabla hajafikiri, mkono wake ulishainuka wenyewe kumpisha mwenzake, kama ulivyofanya maisha yake yote. *Pita wewe.*

Jengo likateremsha pazia: *La, pita wewe.*

"Nenda bwana, nenda," Delbert akapunga tena.

Likaenda.

"Umeliachia?" mkewe alimuuliza wakati wa chakula cha jioni.

"Ningefanyaje, Marla? Lilifika kwanza."

Kila lilipokanyaga shimo, mawe mawili matatu ya chokaa yalibanduka ukutani na kubaki njiani. Wenye mashamba waliyaweka pembeni ili yasivunje mashine za kuvunia. Chini ya mawe zikaonekana mbao za zamani, na juu ya mbao rangi nyeupe iliyokuwa bado ina mng'ao, kwa kuwa haikupigwa na jua miaka yote ile. Ndani, kazi ziliendelea. Watu walioana, walilipa kodi, waliandikisha matrekta. Twyla alizoea kuuliza kwa simu kila mchana kabla ya kuagiza kahawa: "Liko wapi leo?"

Siku lilipofika kijitoni, lilisimama mbele ya ule ubao wa uzito kwa muda wa mtu kuusoma. Kisha likaacha daraja upande, kwa kuwa lilikuwa jengo la sheria, likashuka majini. Maji yalikuwa ya magotini tu. Mawe yaliyosalia yaliangukia mle, na jengo likapanda ukingo wa pili jepesi, mbao tupu na nguzo nne nyeupe, likitiririka maji kama wale waliobatizwa.

Bi Odessa alikuwa akianika nguo. Mawe ya msingi yalikuwepo bado nyuma ya nyumba yake, na katikati yake alikuwa amepanda bustani.

"Angalia bamia zangu," alisema, kibanio kikiwa mdomoni.

Jengo likasita, likajisogeza kidogo magharibi, likaketi. Mstari mmoja wa bamia ulipona. Bi Odessa akamaliza shuka zake, kisha akaenda kufagia kibaraza, maana kilikuwa na mchanga wa barabara nzima.

Kesho yake watumishi walianza kufika, wakivuka daraja gari moja moja huku wakibana pumzi. Twyla alikuja na maua yake ya dirishani. Haikupita wiki, madiwani waliitisha kikao chumbani mwao, na ajenda ilikuwa moja. Bi Odessa hakuwa na haja ya kusafiri safari hii. Alivuka ua akiwa na chupa yake ya jamu na ndara miguuni.

"Watumishi wa kaunti wanapita pale kila siku," alisema Delbert. "Lile daraja ni hatari. Litaua mtu."

"Mimi nimelipita maisha yangu yote," alisema Bi Odessa.

"Ndiyo, Bi Odessa, lakini wewe umelizoea."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeona kwamba palikuwa na neno la kucheka au la kulia. Walipiga kura mikono yote juu. Pesa zilipatikana mchana uleule, katika fungu ambalo mwezi wa Mei lilikuwa tupu. Mawe ya nguzo za daraja hayakununuliwa. Yalitolewa mle mle kijitoni na kando ya barabara, yale yale waliyoyaweka watu wa Brandt ili jengo lisiondoke.

Mwishoni mwa kikao Twyla aliinua kalamu. "Na anwani kwenye karatasi zetu? Bado tunaandika makao makuu ni Brandt?"

Delbert alitazama dirishani. "Makao makuu ni Brandt," alisema. "Jengo tu ndilo liko huku. Tusiharakishe mambo."

Twyla akaandika hivyo.

Jioni ya siku daraja lilipokwisha, Bi Odessa alipiga simu Wichita.

"Wamelijenga kwa ajili yetu, Bibi?" aliuliza Keziah.

"Hapana, mama. Lakini litabeba basi."

Upande wa pili likasikika kabati likifunguliwa. "Lile sanduku mlilonipa nilipomaliza shule," alisema Keziah, "gurudumu moja limevunjika."

"Liburute tu. Njia ni nzuri sasa."

Basi la shule lilivuka siku shule zilipofunguliwa, dereva akainulia jengo kidole, na pazia la mhazini likashuka na kupanda. Watoto wawili wa Keziah walipanda wakiwa na chakula chao kwenye vikopo. Mwaka ule kaunti ilipoteza watu kumi na mmoja na kupata watatu. Twyla aliwaandika wale watatu kwanza.

Nyumba yenye watoto ina nguo nyingi. Bi Odessa alifunga kamba mpya kutoka barazani kwake hadi nguzo ya mahakama, na asubuhi moja Delbert Schlegel alikuta shuka zimekata njia ya kwenda ofisini.

"Bi Odessa," aliita, "hiyo kamba si ingefungwa mahali pengine?"

"Lete hilo kwenye kikao, Delbert," Bi Odessa akamjibu kutoka jikoni. "Tusiharakishe mambo."

Delbert alivua kofia, akainama, akapita chini ya shuka mbichi, akaingia kazini. Juu ya mlango kile kibao cha shaba kilikuwa bado kimening'inia kwa msumari mmoja, kikisema jengo hili lilijengwa Brandt.