Cherehani Kibarazani

Alikuja mchana, akaitandaza suruali ya shule juu ya cherehani yangu kama mtu anayeonyesha kidonda. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

"Shoga, tazama. Ndio wakataji wa siku hizi hao."

Sikuitazama suruali. Nilimtazama yeye. Zamani tulikuwa na duka moja, mimi nikikata, yeye akishona, na watu wakituita Mkasi na Sindano. Kisha mama yangu akaugua, nikaenda kumuuguza. Niliporudi kutoka mazishini, nilikuta ametia kufuli jipya mlangoni na cherehani yangu ameitoa nje, kibarazani. Hakunipa hata pole. Tangu siku hiyo nakata nguo chumbani kwangu, nimepiga magoti sakafuni, na kila magoti yakiuma namtaja yeye.

"Tuanze upya," alisema. "Duka la sote wawili. Chumba nimepata, kiko barabarani, kina dirisha kubwa. Bila wewe siwezi. Wateja wananikimbia."

"Wanakimbia? Maskini! Na huna kufuli la kuwafungia?"

Binti yangu, aliyekuwa akipiga pasi, alicheka mpaka akaiweka pasi chini.

"Nimestahili," mgeni alisema.

"Hiyo ni ya kuonja tu. Chungu bado kiko jikoni."

Jibu nilikuwa nalo miaka yote: nenda, ukafe na sindano yako. Lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Lakini lile dirisha nililitaka. Humu ndani giza, na macho yangu yamechoka.

"Mama, usikubali," binti yangu alisema. "Aliyekuuma mara moja anaijua ladha yako."

Mgeni aliposikia hayo alisimama, akavaa viatu. Mvua ilikuwa imeanza, matone yakiingia dirishani. Bila kuambiwa, alivuta nailoni akaifunika cherehani yangu, akafunga pembe zote nne, fundo juu ya fundo.

Mafundo yale niliyajua. Siku ile kibarazani, cherehani yangu ilifunikwa vilevile. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na haikuingia hata tone. Jambo hilo sikuwahi kumsimulia mtu. Lingeniharibia hasira yangu.

"Rudi ukae," nilimwambia. "Nakubali. Ufunguo utakuwa mmoja, nitauvaa mimi shingoni. Meza yangu dirishani. Cherehani yako itakaa nje, kibarazani."

"Nje? Mji mzima utaniona!"

"Mimi pia waliniona."

Aliitazama nailoni aliyoifunga.

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitaifunika kwa nailoni. Pembe zote nne."

Aliinua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Nitakaa huko mpaka lini, shoga?"

"Mpaka magoti yangu yaache kuuma."

"Haya," alisema polepole. "Kesho nitaileta."

Akaanza kuikunja suruali ile. Nikampokonya. Mguu mfupi haurefushwi, lakini mrefu hupunguzwa, na mtoto fulani angepata kaptura nzuri. Nikaitandaza sakafuni, nikachukua mkasi, nikapiga magoti.

Yaliuma vizuri sana.