Njia ya Nne

Kaka alininyima ile mashine miaka miwili kwa visingizio, mara imeharibika, mara hajui iko wapi, mpaka nilipomfuata nyumbani kwake nikaitoa mwenyewe chini ya kitanda. Ni mashine ya kurekodia ya zamani. Inameza kaseti moja na kuigawa njia nne: gitaa, besi, ngoma, sauti. Zinacheza pamoja, lakini kila moja unaweza kuisikiliza peke yake. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ufundi bomba, na mwimbaji wake alikuwa mama, aliyezoea kuimba akiwa kwenye cherehani mpaka baba akamwomba achague kazi moja.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Sura yake ninayo kwenye picha, sauti sinayo. Wiki mbili baada ya mazishi baba aliweka kanda pekee aliyoimba mama, akasikia gitaa na ngoma bila sauti yake, akauliza ni nani aliyerekodi juu yake. Kaka akasema, "Ni mimi." Tangu siku hiyo nilimsalimia kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa, na moyoni nikamfungia mlango. Hasira zangu ni za mkaa, haziwaki sana wala hazizimiki.

Fundi redio alibadilisha mkanda wa mpira uliolegea, akanionya kwamba kaseti ya mama, iliyokuwa bado ndani, imechoka, nisiirudishe nyuma ovyo. Nikachomeka nyaya nne, mmoja kwa kila njia, mpaka kwenye kisanduku kinachopeleka sauti kwenye kompyuta. Nilikuwa nimesikia kwamba kilichofutwa wakati mwingine huacha masalio. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nikajiambia. Hata kikohozi cha mama kingenitosha.

Michirizi minne ikaanza kujichora kwenye skrini. Gitaa la kaka lilipanda na kushuka kwa mbwembwe, kama kawaida yake. Mchirizi wa nne, wa sauti, ulikuwa karibu umenyooka, wenye vinundu vichache tu. Kanda ilipokwisha nikazima njia tatu, nikavaa hedifoni, nikaongeza sauti ya ile moja mpaka mwisho.

Kwanza pumzi, za mtu mwenye mafua. Kiti kikalia. Kisha mtoto akasema polepole, "Mama, anza."

Kimya kirefu.

"Mama, nimeshabonyeza. Anza."

Mtoto yule ni mimi.

Ndipo nikakumbuka. Kila jioni nilimwona kaka akibonyeza kitufe chekundu, na mama akianza kuimba. Kwa akili yangu ya miaka sita, kitufe ndicho kilichomwimbisha. Hakuna aliyeniambia kwamba kinarekodi, na kwamba kikirekodi kinafuta kilichokuwepo. Basi nikakibonyeza, nikamngoja, nikamfuta kanda nzima huku nikimbembeleza aimbe. Kisauti changu kilimezwa na gitaa, na hakuna aliyekitenga mpaka leo.

Nililia mpaka paka akatoka chumbani. Kisha nikampigia kaka. Alikuwa juu ya ngazi anaziba bomba la watu, akaniomba nisubiri ashuke. Nikamweleza yote bila kupumua.

"Najua," akasema. "Nilikukuta umelala juu ya meza, hedifoni zimekufunika uso, kitufe bado kimebonyezwa."

"Nimekununia miaka ishirini na nane, kaka. Kwa nini hukusema?"

"Ulishampoteza mara moja, Pilipili. Nikuambie umempoteza tena, na ni kwa mkono wako?"

Nilitaka kumwomba msamaha. Nikabaki nikivuta kamasi kwenye simu, naye hakukata. Baadaye akaniuliza kama njia ya nne imeingia vizuri kwenye kompyuta. Nikamwambia imeingia, na kwamba naifuta sasa hivi, sitaki kuisikia tena maishani.

"Usiiguse," akasema, kwa ukali ambao hajawahi kuutumia kwangu. "Mpaka mashine ilipogoma, nilikuwa naisikiliza kila mwaka, siku aliyofariki. Kwenye kanda zangu zote, hapo tu ndipo mtu anapomwita mama."

Nikaihifadhi, kisha nikamtumia na yeye nakala.