Kidevu cha Orest

Orest Hnatiuk alipoingia mkahawani kwa Delphine asubuhi ya Alhamisi na kufungua skafu yake, vichwa vyote vilimgeukia. Kidevu kilikuwa kitupu. Kimenyolewa kikang'aa kama yai lililomenywa, siku moja tu kabla ya mechi za mtoano kuanza, katika mji ambao wembe huwekwa kabatini ligi ikiisha na hautoki, kwa kuogopa nuksi, mpaka Korongo, timu yao ya hoki ya barafuni, watolewe au wabebe kombe. Hata mchungaji wa kanisa alikuwa hajanyoa tangu Jumapili.

"Wewe!" Wendell Prokop, fundi bomba mstaafu na jirani yake wa miaka thelathini, ndiye aliyemrukia kwanza. "Umefanya nini?"

"Nimenyoa. Kwani uso wako?"

"Uso ni wako, timu ni yetu sote!"

Orest akavuta kiti kwa kishindo. "Timu gani? Redvale watatupiga mechi nne mfululizo, tutoke raundi ya kwanza. Wiki ijayo tutakuwa tumekaa hapa tunazungumzia bei ya mbegu."

"Mechi kumi na mbili za mwisho tumeshinda kumi na moja!"

"Mlicheza na vilema."

"Na Maddox je? Kipa gani ligi nzima kama Maddox? Yule anadaka hata nzi."

"Maddox goti lake bovu. Beki wa kushoto mzito kama friji. Wapinzani wakitolewa mtu nje, mko watano kwa wanne, mnafanya nini? Mnapasiana kama mnagawana peremende mpaka adhabu inaisha. Hoki gani hiyo?"

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, Orest."

"Nitawatukana na watoto wao!"

Kila neno lilimchoma alipokuwa akilitamka. Mtu huyu alikuwa ameendesha mashine ya kulainisha barafu pale uwanjani kwa miaka ishirini na tisa, na ufunguo wake alilala nao chini ya mto. Alikuwa amewaona Korongo wabovu na Korongo wabovu zaidi, na moyoni alijua kwamba timu kama ya mwaka huu hajapata kuiona. Tatizo lake lilikuwa hilo hilo.

Mdomo ndio ulimponza. Mwezi wa Novemba, Korongo walipokuwa wamefungwa mechi tisa mfululizo, Larisa, binti yake wa pekee, alimwomba: "Baba, nipe Jumamosi moja ambayo una hakika uko huru, nifunge ndoa." Orest akacheka. Tarehe kumi na mbili Aprili, akasema, kwa timu hii hata barafu itakuwa imeshayeyushwa. Larisa akalipia ukumbi, akaweka bendi, shangazi zake wa Edmonton wakakata tiketi. Kisha Krismasi akaja Maddox. Na sasa ratiba ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa Delphine, kila anayeingia aione: Korongo wakivuka raundi mbili, fainali inaanzia hapa nyumbani, Jumamosi tarehe kumi na mbili Aprili, saa moja jioni. Saa ile ile ambayo baba wa bibi arusi husimama na glasi mkononi aseme neno.

Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri alikuwa amesimama mbele ya kioo cha bafuni, akanyoa. Ndevu zikaenda na maji, naye akajiona mchawi.

"Huyu anataka tufungwe," Wendell akasema polepole, kama mtu aliyegundua bomba linapovuja. "Jamani, mnaona? Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu anatuloga!"

Delphine, mwenye mkahawa, mwanamke mnene asiye na subira, akaja akakiondoa kikombe cha Orest kabla hajakigusa. "Kwangu hapa aliyenyoa hanywi kahawa."

"Rudisha kikombe changu!"

"Kanywe Redvale."

Hapo Orest akalipuka. "Ndiyo! Nataka wafungwe! Nataka wafungwe kesho na keshokutwa, wafungwe mpaka waone aibu! Nina binti mmoja mimi! Anaolewa siku ya fainali yenu, na mimi ndiye niliyempa tarehe! Mlitaka nifanyeje?"

Wote walikuwa wakitazama nyuma yake. Larisa alikuwa amesimama mlangoni, theluji bado iko mabegani. Alikuwa amepita kuchukua kahawa ya kwenda nayo kazini.

"Umenyoa kwa ajili yangu, Baba?"

"Kwa ajili yako, mwanangu." Akangoja uso wa binti yake ulainike. Haukulainika. Wekundu ulipanda kutoka shingoni hadi masikioni.

"Siku niliyozaliwa ulikuwa uwanjani. Nilipohitimu ulikuwa uwanjani. Sikukuomba uwaloge watoto wa watu. Nilikuomba uje."

"Nitakuja!"

"Wakitolewa. Na wasipotolewa?"

Orest akafungua kinywa. Jibu lilikuwa jepesi, kila baba analo ulimini. Lakini kabla halijatoka aliiona akilini barafu mpya, maji ya moto yakitoa mvuke, taa zote zimewashwa na watu elfu mbili wamesimama. Alichelewa kwa pumzi moja tu. Wendell akainamia kikombe chake.

"Nimekuona," Larisa akasema.

Orest aliona haya, na haya ikageuka hasira. Alimkasirikia Wendell, na Maddox, na aliyebandika ile ratiba, lakini zaidi aliikasirikia ile pumzi moja. Akachomoa ufunguo wa mashine mfukoni, akaubamiza mezani hadi vijiko vikaruka.

"Wendell! Tarehe kumi na mbili utaendesha wewe. Kona ya kaskazini usizidishe maji, panavimba."

Wendell, ambaye kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akiomba angalau kukalia kile kiti, hakuugusa. "Na tukifika fainali kweli?"

"Tutafika, mpumbavu wewe!" Orest akapiga kelele. "Redvale hawashindi hata mechi mbili! Utafika, utaendesha, halafu utakuja kunisimulia!"

 Larisa akachukua kahawa yake kwa Delphine, akarudi hadi mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Na huo wembe usiuguse tena."

"Lakini picha za arusi..."

"Usiuguse, Baba!" Sauti ilikuwa ya baba yake hasa. "Tukitolewa raundi ya kwanza kwa sababu ya kidevu chako, sitakusamehe."