Betri ya Pili Chini ya Kitanda

Kila gari lililowahi kuwa la Sifaeli lililala limeelekeza pua bondeni. Nyumba yake iko huku juu mlimani Meru, katikati ya kahawa na migomba, na mteremko ndio aliouamini kuliwasha gari, betri hapana. Siku mkewe Ruth alipozidiwa, gari la zahanati lilikuwa limeegeshwa mahali tambarare, betri imekufa. Watu walisukuma mpaka wakachoka, na Ruth akafa kabla ya kufika hospitali. Wakubwa wa halmashauri, diwani akiwamo, waliosema hakuna fungu la betri walikuwa wakipita na magari mapya, vioo juu, viyoyozi vinapuliza. Sifaeli hakuwasamehe, wala hakuona kwa nini awasamehe.

Sasa binti yake Brenda, fundi umeme wa magari kule Kwa Mrombo, alikuwa ameigeuza Haisi ya baba yake kuwa gari la wageni wa kulala porini. Akatia kitanda, taa na friji ndogo, na chini ya kitanda akafunga betri ya pili. Alimweleza mzee taratibu. Injini ikiwaka, rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inaziunganisha betri mbili, zote zinachajiwa. Injini ikizimwa, rilei inazitenganisha. Friji inakula ile ya pili, ya kuwashia gari haiguswi.

Bi Tahera, mwenye duka la mahema mjini, alikuwa tayari kulikodi msimu mzima. Ila alitaka alione likiwaka asubuhi, baada ya friji kukesha inafanya kazi.

Jioni Brenda akaliegesha uani, pua ikitazama mlimani, na jiwe nyuma ya tairi. Sifaeli akamuuliza nani kamroga, akamwamuru aligeuze.

"Likigoma utalisukuma na nani? Na diwani?"

"Nikiligeuza, Baba, Bi Tahera ataona hata mwenye kazi haiamini kazi yake."

Funguo zilibaki mezani, na Brenda alipokwenda kulala, mzee alizitazama kwa muda mrefu. Kugeuza gari ni kazi ndogo. Hakuligeuza.

Bi Tahera alifika chai ikiwa bado ya moto. Akamwamkia mzee, akafungua friji, akaishika chupa ya maziwa mpaka vidole vikamganda. Halafu Brenda akampa baba yake ufunguo.

"Washa wewe."

Sifaeli alipanda kama anayepanda kizimbani. Akauzungusha. Stata ililia mara moja tu, injini ikashika. Kule kitandani kitaa kidogo kikawaka kijani: betri ya pili nayo imeanza kuchajiwa.

Bi Tahera akamsogelea mzee dirishani, akampongeza kwa ufundi wake.

"Ufundi wangu? Mimi nilishika tochi," Sifaeli alisema. "Tena niliishika vibaya, akanigombeza. Kazi ni ya huyu, Brenda wa Ruth. Wasimulie huko mjini. Na ukikutana na wale wakubwa, waambie gari la zahanati nalo lina haki ya kuwaka."

Bi Tahera alianza kucheka, akaona mzee hacheki, akaacha. Akamgeukia Brenda, wakaanza kupanga lini alichukue.

Sifaeli hakuteremka. Aliketi pale kwenye usukani, kifua mbele, injini ikinguruma kuelekea mlimani, na majirani waliochungulia juu ya ua aliwapungia mkono mmoja mmoja.